Kuotesha Mkojo na Kupima Usugu kwa Diski: Mwongozo wa Anayeanza Benchi ya Mikrobaiolojia

Kila kundi jipya la wanafunzi na wataalamu wachanga likiingia benchi ya mikrobaiolojia, maswali huwa yale yale. Kwa nini zoni zangu, yale maduara matupu yanayozunguka diski za dawa, leo zimekuwa ndogo? Aga (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) ya Mueller-Hinton imeisha, naweza kuweka diski kwenye aga ya MacConkey? Dawa yenye zoni kubwa kuliko zote ndiyo bora? Nimeona niyajibu kwa pamoja, nikifuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kopo la mkojo hadi karatasi ya majibu.

Nimechagua mkojo kwa sababu ndiyo sampuli utakayoshika mara nyingi zaidi, na bakteria E. coli ndiye utakayemkuta mara nyingi zaidi ndani yake. Ukiimudu kazi hii, usaha na damu utavijifunza kwa haraka.

Nadharia unayohitaji ni ndogo. Diski ikigusa aga, dawa inaanza kusambaa, na wakati huohuo bakteria wanaongezeka. Ukingo wa zoni ni mahali ambapo bakteria waliwahi kuwa wengi kabla dawa haijafika kwa kiwango cha kuwazuia. Kwa hiyo chochote kinachobadilisha kasi ya upande mmoja, iwe unene wa aga, wingi wa bakteria au muda wa kungoja, kinabadilisha milimita zako. Njia hii ilichapishwa na Bauer, Kirby, Sherris na Turck mwaka 1966, na jedwali tunazosomea hadi leo zina maana pale tu sharti zake zinapofuatwa. Ukiandika S (yaani dawa inamweza bakteria) pasipostahili, mgonjwa atameza dawa isiyomsaidia, na huko wodini hakuna atakayejua kwamba kosa lilianzia kwenye pleti yako.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Pleti za aga ya CLED, au MacConkey pamoja na aga ya damu. Damu iwe ya kondoo. Damu ya binadamu iliyoisha muda benki ya damu isikushawishi: ina kingamwili, huenda ina mabaki ya dawa, na inakuhatarisha wewe mwenyewe.
- Pleti za Mueller-Hinton.
- Lupu (kijiti chenye kitanzi) ya maikrolita 1 iliyohakikiwa, swabu tasa za pamba, maji ya chumvi tasa ya 0.85%, mirija ya glasi inayolingana.
- Kipimo cha McFarland 0.5, mrija wa kulinganishia ukungu wa mchanganyiko wa bakteria.
- Diski za antibiotiki zenye kiwango sahihi cha dawa. Siprofloksasini ni maikrogramu 5, jentamaisini 10, seftriaksoni 30, nitrofurantoini 300 (kwa CLSI, shirika la Marekani la viwango vya maabara). Diski ya jina lilelile yenye kiwango tofauti haisomeki kwa jedwali lako.
- Rangi za Gram, hadubini, kitendanishi cha oksidesi, na mirija ya kutambulia bakteria: TSI, SIM (ya indoli na kutembea), sitreti na urea.
- Bakteria wa udhibiti, yaani ambao majibu yao yanajulikana tayari: E. coli ATCC 25922. Kwa usaha ongeza S. aureus ATCC 25923.
- Rula au kaliperi ya milimita, inkubeta ya nyuzi 35 na kipimajoto kinachosomwa kila asubuhi.
- Jedwali la tafsiri la mwaka huu. La EUCAST (kamati ya Ulaya ya kupima usugu) linapakuliwa bure, na la CLSI linaweza kusomwa bure mtandaoni. Chagua moja na ubaki nalo; usichanganye njia ya huku na namba za kule.

Kuhusu diski, naomba unisikilize vizuri, hasa kama uko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Mtwara. Unyevu ndio adui. Dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini huharibika zikipata maji, na diski ikitolewa kwenye friji na kufunguliwa papo hapo, hewa yetu ya pwani inaganda juu yake kama jasho. Akiba kaa nayo nyuzi 20 chini ya sifuri, za kutumia wiki hii ziwe friji ya kawaida ndani ya chombo chenye silika, na kila asubuhi kitoe chombo mezani kikiwa kimefungwa, ungoje saa moja hadi mbili ndipo ufungue. Umeme ukikatika usiku kucha, andika kwenye daftari la friji, na upime diski hizo kwa bakteria wa udhibiti kabla ya kuzitumia kwa mgonjwa.

Siku ya kwanza: kuotesha

1. Kagua kopo. Jina na namba vilingane na fomu, na saa ya kukojoa iwe imeandikwa. Mkojo uliokaa kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2 si wa kuotesha, maana bakteria wachache wa ngozi watakuwa wameongezeka hadi wafanane na ugonjwa. Kama hutaweza kuotesha mara moja, weka friji, mwisho saa 24. Uliochelewa ukatae kwa heshima, uombe mwingine, na mgonjwa aelezwe upya namna ya kukinga mkojo wa katikati.

2. Tikisa taratibu, tumbukiza lupu wima mara moja, kisha chora mstari mmoja katikati ya pleti na uusambaze kwa kuukata kushoto na kulia. Ukiitumbukiza lupu kwa ulalo, inabeba zaidi ya maikrolita 1 na hesabu yote inapotea.

3. Inkubeta, nyuzi 35 hadi 37, saa 18 hadi 24.

Siku ya pili: kuhesabu na kutambua

4. Hesabu koloni (vidoa vya bakteria walioota). Kwa lupu ya maikrolita 1, kila koloni ni bakteria 1,000 kwa mililita. Koloni 100 na zaidi za aina moja ni 100,000, idadi ambayo kwa kawaida tunaichukulia kuwa maambukizi. Aina tatu au zaidi ni uchafu wa ukusanyaji: omba sampuli mpya, usipime dawa. Kwa mtoto mchanga, au mkojo uliovutwa kwa sindano, idadi ndogo inaweza kuwa na maana kubwa. Hapo ongea na daktari.

5. Tazama rangi na umbo. Kwenye CLED, E. coli na Klebsiella huwa za njano kwa kuwa zinachachusha laktosi, na ya Klebsiella mara nyingi ni nono na inanata. Proteus hubaki bila kugeuza rangi. Usinuse pleti. Wako wanaojivunia kuitambua Pseudomonas kwa pua, lakini siku moja pleti hiyo itakuwa na Brusela, hasa ukiwa unahudumia jamii za wafugaji, na ugonjwa huo huingia kwa hewa.

6. Piga Gram. Tandaza tabaka jembamba, kausha, pitisha juu ya moto. Zambarau dakika 1, ayodini dakika 1, asetoni sekunde 2 hadi 3, suuza mara moja, safranini dakika 1. Kosa la kila anayeanza ni asetoni. Ukizidisha, hata Staphylococcus atageuka mwekundu.

7. Oksidesi. Tumia kijiti cha mbao au lupu ya plastiki, kwani waya wa nikromu unaweza kukupa jibu la uongo. Chukua koloni kutoka aga ya damu, si MacConkey, kwa sababu tindikali ya laktosi inavuruga kipimo. Soma ndani ya sekunde 10. Rangi inayokuja baada ya hapo haina maana. Kama ni chanya, fikiria Pseudomonas. Kama ni hasi, endelea na hatua ya 8.

8. Choma TSI, SIM, sitreti na urea kwa koloni moja safi, kisha usome kesho yake. Kofia za TSI zilegee, usizikaze. Hii ndiyo picha utakayoiona mara nyingi:

- E. coli: TSI njano juu na chini, gesi, hakuna weusi, indoli chanya, sitreti hasi, urea hasi.
- Klebsiella pneumoniae: TSI njano yote, gesi, indoli hasi, sitreti chanya, urea chanya ya polepole, haitembei.
- Proteus mirabilis: TSI nyekundu juu, njano chini, na weusi, indoli hasi, urea chanya ya haraka, mara nyingi ndani ya saa chache.
- Pseudomonas aeruginosa: TSI haibadiliki, oksidesi chanya.

Soma TSI kati ya saa 18 na 24. Ukichelewa, juu panaweza kurudi kuwa pekundu, na utaandika jina la bakteria mwingine kabisa.

9. Wakati huohuo, pandikiza koloni moja kwenye aga ya damu au ya lishe ili kesho uwe na bakteria safi wa siku moja. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, kwa haraka ya kutoa majibu. Kwenye CLED au MacConkey koloni moja inaweza kuwa imewakalia bakteria wengine wasioonekana, na ukiichukua moja kwa moja utapima dawa dhidi ya mchanganyiko.

Siku ya tatu: kuweka diski

10. Tengeneza mchanganyiko. Gusa koloni 3 hadi 5 zinazofanana, zenye umri wa saa 18 hadi 24, koroga kwenye maji ya chumvi. Tikisa mrija wa McFarland 0.5 kwanza, maana chembe zake hukaa chini. Shika mirija yote miwili mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi, penye mwanga mzuri. Mistari inatakiwa ionekane kwa ufifi uleule kupitia mirija yote miwili. Ikionekana vizuri zaidi upande wako, ongeza bakteria. Ikipotea, ongeza maji. Usikadirie kwa mazoea, hata kama umefanya miaka mingi.

Kama huna McFarland ya kununua, itengeneze: mililita 0.5 ya bariamu kloridi ya 1.175% kwenye mililita 99.5 ya asidi salfuriki ya 1%. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Hakiki kwa spektrofotomita: kwa mawimbi ya nanomita 625 isome kati ya 0.08 na 0.13. Gawa kwenye mirija inayofanana na ile unayotumia, ziba, weka gizani. Ukiona madonge yasiyotawanyika baada ya kutikisa, tupa.

11. Paka pleti ndani ya dakika 15. Chovya swabu, ikamulie kwenye ukuta wa mrija juu ya maji, kisha paka pleti nzima ya Mueller-Hinton. Zungusha pleti nyuzi 60, paka tena, zungusha, paka mara ya tatu, malizia ukingoni. Acha dakika 3 hadi 5 unyevu uingie.

Pleti yenyewe iwe na unene wa milimita 4, yaani kama mililita 25 kwa pleti ya milimita 90. Mimina juu ya meza iliyonyooka. Nimesisitiza hili kwa wengi na bado naona pleti nene upande mmoja kama kabari: upande mwembamba zoni zinapanuka, upande mnene zinabana, na bakteria ni yuleyule. Poda kwa kawaida ni gramu 38 kwa lita lakini soma lebo, otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15, acha ipoe hadi nyuzi 45 hadi 50 ndipo umimine. pH baada ya kuganda iwe 7.2 hadi 7.4.

Na lile swali la MacConkey: hapana. Chumvi za nyongo, sukari na viungo vyake vingine vinabadilisha ukuaji na usambaaji, na hakuna jedwali linalozisoma zoni zake. Mueller-Hinton ikiisha, mwambie daktari kipimo cha dawa hakipo leo.

12. Weka diski ndani ya dakika 15 baada ya kupaka. Pleti ya milimita 90 isibebe zaidi ya diski 5, ile ya milimita 150 zisizidi 12, na kati ya kitovu na kitovu iwe milimita 24 au zaidi. Bonyeza kila diski taratibu kwa koleo tasa iguse aga yote. Ikishagusa usiisogeze. Dawa imeshaanza kutoka. Ikianguka vibaya, weka nyingine mpya mahali pengine.

13. Ingiza inkubeta ndani ya dakika 15 nyingine, pleti zikiwa zimepinduliwa, zisizidi 5 kwa rundo ili za katikati zisichelewe kupata joto. Nyuzi 35, hewa ya kawaida, saa 16 hadi 18. Usiziweke kwenye mtungi wa mshumaa pamoja na pleti nyingine: kaboni dayoksaidi inashusha pH ya aga.

Pleti ya E. coli ATCC 25922 ipite njia hiyohiyo, kwa mkono uleule. Kama maabara yako bado haijathibitisha uthabiti wake fanya kila siku. Ikishathibitisha, kila wiki, na kila unapofungua kundi jipya la diski au aga.

Siku ya nne: kusoma

14. Anza na pleti ya udhibiti. Kwa CLSI, E. coli ATCC 25922 inatakiwa itoe jentamaisini milimita 19 hadi 26, seftriaksoni 29 hadi 35, nitrofurantoini 20 hadi 25, kotrimoksazoli 23 hadi 29. Dawa iliyotoka nje ya mipaka hairipotiwi kwa mgonjwa yeyote wa siku hiyo. Najua simu itapigwa kutoka wodini na mkuu atauliza. Hairipotiwi.

15. Tazama zulia la ukuaji. Liwe limeshikana. Ukiona koloni zilizotengana, bakteria walikuwa wachache, rudia.

16. Pima kipenyo chote kwa macho matupu, pamoja na diski, kutoka nyuma ya pleti juu ya kitambaa cheusi. Aga ya damu isome kwa juu, kifuniko kikiwa kimeondolewa. Kwa kotrimoksazoli puuza ukungu mwepesi na upime penye ukingo dhahiri. Kwa Proteus puuza utando mwembamba unaotambaa ndani ya zoni.

17. Tafsiri kila dawa kwa mstari wake. Zoni kubwa kuliko zote haimaanishi dawa bora, kwa kuwa kila dawa inasambaa kwa kasi yake. Kwa E. coli na jamaa zake, milimita 18 ni S kwa nitrofurantoini lakini ni R (sugu) kwa seftriaksoni. Na jedwali liwe la sasa. Chukua zoni ya siprofloksasini ya milimita 22. Kwa jedwali la CLSI la kabla ya 2019 ilikuwa S, kwa kuwa mpaka ulikuwa 21. Tangu 2019 mpaka wa S ni 26, na 22 hiyo ni I (ya kati). Jentamaisini nayo ilibadilishwa 2023, S ikapanda kutoka 15 hadi 18. Lile bango lililobandikwa ukutani tangu enzi na enzi, libandue leo.

18. Chagua cha kuripoti. Nitrofurantoini ni kwa kibofu tu. Usiiandike kwa bakteria wa damu. Kolistini usiipime kwa diski, wala vankomaisini kwa S. aureus, kwani diski haziwezi kukupa jibu la kuaminika. Kwa S. aureus, diski ya sefoksitini ya maikrogramu 30 ndiyo inayoamua: milimita 21 au chini ni MRSA (S. aureus sugu kwa methisilini), na penisilini na sefalosporini za kawaida zote zinaandikwa R hata kama diski zake zimetoa zoni. Ukiona E. coli au Klebsiella ana sefotaksimu milimita 27 au chini, au seftazidimu 22 au chini, shuku ESBL (vimeng'enya vinavyovunja penisilini na sefalosporini) na uthibitishe kwa diski zenye asidi klavulaniki: tofauti ya milimita 5 au zaidi ni ESBL.

Mambo yakienda kombo

*Zoni zote ni ndogo, hata za udhibiti.* Mchanganyiko ulikuwa mzito, aga nene, au pleti zilikaa mezani kabla ya diski kuwekwa. Anza na McFarland. Ndiyo mara nyingi.

*Zoni zote ni kubwa mno.* Bakteria wachache, aga nyembamba, au inkubeta haikufika joto. Soma daftari la joto la usiku.

*Diski moja tu imekataa.* Ni diski yenyewe. Fungua kifurushi kingine cha namba tofauti ya kundi, rudia na udhibiti.

*Jentamaisini imepungua na tetrasaiklini imepanuka kwa pamoja.* pH imeshuka. Pima aga, na uulize kama kuna aliyeweka pleti kwenye mtungi wa mshumaa.

*Kotrimoksazoli haina ukingo unaoeleweka kwa bakteria wote.* Aga ina thaimidini nyingi. Pima na Enterococcus faecalis ATCC 29212. Zoni safi ya milimita 20 au zaidi inamaanisha aga ni nzuri. Pungufu ya hapo, au zoni ikiwa na ukungu, badilisha kundi la poda.

*Koloni chache zimeota ndani ya zoni.* Huenda ni mchanganyiko, huenda ni bakteria sugu waliochipuka. Pandikiza upya, tambua upya, rudia diski. Zikirudi, pima sehemu ya ndani isiyo na koloni yoyote.

*Klebsiella ametoka S kwa ampisilini, au Proteus S kwa nitrofurantoini.* Hawa wana usugu wa asili kwa dawa hizo, kwa hiyo ama utambuzi si sahihi au pleti haikuwa safi. Rudi hatua ya 9.

*Ampisilini S lakini seftriaksoni R kwa E. coli.* Karibu kila mara ni diski zilizobadilishana nafasi au namba iliyonakiliwa vibaya. Soma maandishi kwenye diski zenyewe, si daftari.

*Meropenemu R.* Usiikimbilie na usiifiche. Hakiki udhibiti, rudia kutoka koloni safi, tunza bakteria kwenye friza kwa ajili ya maabara ya rufaa, na mpigie daktari na timu ya kuzuia maambukizi siku hiyohiyo. Waambie majibu ya uthibitisho bado yanakuja, ili mgonjwa atengwe wakati unarudia.